Shokapu gani iende Malolo? Historia ya kifaa kinachokula mtikisiko

"Nipe zile ngumu, mimi naenda Malolo." Kauli ya namna hii fundi yeyote wa Lindi, Masasi au Nachingwea ameshaizoea. Mwenye gari anaona shokapu za zamani zinavuja, gari likipita kwenye shimo linaruka kama mbuzi, na barabara anayoijua ni ya changarawe, mawe na makorongo. Hitimisho lake linaonekana la akili kabisa: njia ngumu inataka shokapu ngumu.

Tatizo ni kwamba karibu kila hatua kubwa katika historia ya kifaa hiki ilipigwa na mtu aliyekuwa anapambana na adui mwingine kabisa, na adui huyo ni joto. Ukiifuata historia hiyo kuanzia baiskeli za Ufaransa hadi barabara za Ruangwa, lile swali la gereji linabadilika. Ndiyo maana nimeamua kuisimulia kwa mpangilio wa wakati, halafu mwishoni nirudi kwa yule mteja wetu.

Kwanza jina. Kitaalamu ni kifyonza mtikisiko. Mtaani ni shokapu, na wazee wa gereji bado wanasema shokomzoba, neno ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu lina sauti ya kitu kinachofanya kazi. Hapa nitatumia shokapu.

Mzigo ulivyohamia kwenye springi

Malolo ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, na Ruangwa yenyewe ilikuwa sehemu ya Nachingwea kabla haijawa wilaya inayojitegemea. Jina la Nachingwea linajulikana kwenye vitabu vya historia duniani kwa sababu moja: karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuja kutazama kama Afrika Mashariki ingeweza kulima karanga kwa wingi wa kutosha kuondoa uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe ulirudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa hapa kusini. Maeneo matatu ya Tanganyika yakaanza kufyekwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Mitambo ilitafutwa kwa haraka. Dunia ilikuwa na uhaba wa matrekta mapya, kwa hiyo yakanunuliwa mabaki ya vita, na kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Mashine zilizojengwa kwa ajili ya vita vya Ulaya na Pasifiki zikaletwa kung'oa mizizi ya miombo. Ziliharibika kwa wingi na haraka, spea hazikuwepo, na kufikia Januari 1951 mpango ulikuwa umeachwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi (mvua, udongo, haraka ya wakubwa, kutowauliza wenyeji wanaoijua ardhi), ila kwa mada yetu chukua hii moja: chombo kilichaguliwa kwa kuwa kilipatikana na kilionekana kina nguvu. Aina ya kazi iliyokuwa inakisubiri haikuangaliwa sana.

Mpango huo ulituachia vitu viwili vikubwa, bandari ya Mtwara na reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea. Bandari ipo. Reli, bila karanga za kubeba, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa.

Hapo ndipo historia ya springi na shokapu za ukanda huu inapoanzia kwa kweli. Behewa la treni linapita juu ya chuma laini kilichonyooshwa. Siku reli ilipoondoka, kila gunia la korosho, ufuta na mbaazi, kila bati la nyumba na kila mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya wilaya alihamia juu ya tairi na udongo. Miaka ya 1960 na 1970 Nachingwea ilikuwa pia na kambi kubwa ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na mahitaji yao yalipita njia hizohizo. Kwenda Dar es Salaam ilikuwa lazima uvuke Rufiji kwa kivuko, mpaka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kutesa magari kwa miaka mingi. Leo lami imesogea sana, lakini ukitoka kwenye barabara kuu kuelekea vijijini bado utaagana nayo.

Kabla ya mafuta kulikuwa na msuguano

Turudi nyuma kidogo, maana kuna jambo watu wengi hulichanganya. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi kitu. Unaweza kuzitoa shokapu zote nne na gari halitashuka, labda kidogo sana kama zina gesi. Kazi ya shokapu ni kuzima. Springi ikisukumwa inatunza nishati, na ikiachiwa inairudisha, kisha inaichukua tena, kisha inairudisha, na gari linaendelea kunesa kama kitanda cha chuma cha zamani. Lazima nishati hiyo itolewe iende mahali. Kanuni ya uhifadhi wa nishati haina huruma: haipotei, inabadilika tu, na hapa inabadilika kuwa joto.

Magari ya kukokotwa na farasi na yale ya mwanzo ya injini yalitumia springi za mabamba, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mabamba hayo yanaposuguana yanazima mtikisiko yenyewe, kwa hiyo kwa mwendo wa farasi hakuna aliyehisi haja ya kifaa kingine. Land Cruiser nyingi na malori yote makubwa unayoyaona Ruangwa bado yanafaidika na msuguano huo huko nyuma. Shida yake ni kwamba hautabiriki. Mabamba yakiwa na kutu yanashikana, yakipata grisi yanateleza, yakiingia mchanga yanasagana.

Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa J. M. M. Truffault alibuni kifaa cha kusuguana kwa makusudi. Alianza na baiskeli, na hili liwafurahishe wenye bodaboda: shokapu ilizaliwa kwenye magurudumu mawili. Ilikuwa mikono miwili inayofunguka na kufunga kama mkasi, na katikati kwenye kiungo kuna visahani vinavyobanwa pamoja. Ukitaka iwe ngumu unakaza nati. Mmarekani Edward Hartford alilichukua wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1900, akalipeleka kwenye magari, na shokapu za Truffault-Hartford zikasambaa.

Hebu tazama kasoro yake, kwa sababu ndiyo kasoro ya fikra ya "nipe ngumu". Msuguano wa visahani ni uleule karibu kwa kila mwendo. Ukiukaza sana, mtikisiko mdogo hauwezi hata kuusogeza, kwa hiyo changarawe zote zinapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Ukiulegeza, shimo kubwa linaushinda. Hakuna mkazo mmoja unaofaa kwa vyote viwili.

Suluhisho lilikuwa mafuta. Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, alitengeneza karibu mwaka 1908 kifaa ambacho ndani yake mafuta yanalazimishwa kupita kwenye matundu membamba. Kimiminika kina tabia ambayo chuma kwa chuma haina: ukikisukuma taratibu kinakubali, ukikisukuma kwa ghafla kinakukatalia. Jaribu na bomba la sindano lililojaa maji, utaona. Kwa hiyo shokapu ya mafuta inakuwa laini kwenye mwendo mdogo na ngumu kwenye mwendo mkubwa bila mtu kugusa nati. Ford Model A iliyoingia sokoni Desemba 1927 ilikuja na shokapu za Houdaille kutoka kiwandani, na hapo kifaa kikatoka kwa matajiri kikaingia kwa watu wa kawaida. Miaka ya 1930 kampuni kama Monroe ya Marekani zikaeneza umbo tunalolijua leo: mrija, ndani yake pistoni, juu mkono wa chuma unaoingia na kutoka.

Povu

Umbo hilo, ukilipasua, ni mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Pistoni inafanya kazi kwenye mrija wa ndani. Mkono wa chuma unapoingia unachukua nafasi, kwa hiyo mafuta yanayozidi yanasukumwa kupitia vali ya chini kwenda mrija wa nje, ambako juu ya mafuta kuna hewa. Ni mpango mzuri, rahisi kutengeneza, na ndio ulio kwenye magari mengi duniani mpaka leo.

Ila mtikise kwa saa nzima. Mafuta na hewa vikichanganywa vinatoa povu, na povu linapita kwenye matundu bila ubishi. Wakati huohuo mafuta yanapata moto, na mafuta ya moto ni mepesi (mama ntilie yeyote anajua mafuta yakiwa kwenye karai la moto yanavyotiririka). Shokapu iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa imekufa saa tano, halafu usiku ikipoa inafufuka. Dereva anasema gari lina mashetani.

Joto kiasi gani? Tupige hesabu ya daftarini. Tuseme kwenye barabara mbaya kila shokapu inakinza kwa nguvu ya wastani ya nyutoni 500, na pistoni inasogea kwa wastani wa nusu mita kwa sekunde. Zidisha: wati 250. Shokapu nne zinatoa wati 1,000, karibu sawa na pasi ya umeme iliyowashwa muda wote wa safari. Gari lizito likikimbizwa zaidi, namba hizo zinapanda. Pasi hiyo imefungwa ndani ya mirija midogo yenye mafuta kidogo tu, na sehemu ya kupoza ni ngozi ya mrija basi.

Miaka ya 1950 mhandisi Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alilishughulikia povu kwa njia ambayo, ukiielewa, unatabasamu. Aliondoa mrija wa pili. Ndani ya mrija mmoja aliweka mafuta, halafu kizibo kinachoelea, na nyuma ya kizibo gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa. Gesi na mafuta havikutani, kwa hiyo hakuna kuchanganyika, na mgandamizo unazuia mapovu kujitengeneza nyuma ya pistoni inapokimbia. Faida ya pili: mafuta sasa yanagusa mrija wa nje moja kwa moja, na upepo wa safari unayapoza. Bilstein ya Ujerumani ikachukua ubunifu huo, na mwaka 1957 ukaingia kwenye magari ya Mercedes-Benz yanayotoka kiwandani.

Mtihani wa Afrika Mashariki

Wakati Ulaya inafanya majaribio yake, huku kwetu ulianza mtihani mkali zaidi. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yaliandaliwa mashindano ya magari yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Magari ya mwanzo yalikuwa karibu yaleyale yanayouzwa dukani, na njia zilikuwa barabara za kawaida za vumbi na tope. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7.

Tazama aliyeshinda mwaka huo: Peugeot 404. Gari hilohilo likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Yeyote aliyewahi kupanda Peugeot ya zamani anajua kwamba si gari gumu. Ni laini, linapanda na kushuka kama ngamia. Springi zake zilikuwa laini zenye safari ndefu, na Peugeot walikuwa wanatengeneza shokapu zao wenyewe, hivyo springi na kizimio chake vilitoka kwa watu waliokuwa wanaongea. Mwaka 1965, katikati ya mfululizo huo, Joginder Singh alishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumiwa na dereva mwingine kwenye mashindano. Mtumba, kwa lugha yetu.

Mimi nausoma mtihani ule hivi: kwenye barabara mbaya na ndefu, gurudumu linalokaa chini ndilo linalofika. Gurudumu lililo hewani haliongozi gari, haliliendeshi, wala halilifungi breki. Shokapu ngumu kupita kiasi inalinyanyua gari zima kila jiwe linapogongwa, na kinachopanda nacho ni chesisi, bodi, na vichwa vya abiria.

Baadaye wazo la shokapu za kununua pembeni, zilizopangwa kwa ajili ya safari za porini, lilikuzwa sana na Waaustralia, ambao wana barabara za vumbi zisizoisha. Old Man Emu, inayouzwa na kampuni ya ARB, ndiyo jina ambalo madereva wa utalii wa Arusha na Nairobi wanalitaja zaidi. Koni ya Uholanzi, kwa upande wake, ilijulikana kwa shokapu unazoweza kuzirekebisha ugumu kadiri zinavyochakaa.

Barabara ya bati

Kuna aina moja ya ubovu inayostahili sehemu yake: yale mawimbi madogo yanayojipanga kukatiza barabara ya changarawe kama bati la nyumba. Nani anayachora? Mwaka 1963 mwanafizikia wa Australia, Keith Mather, aliandika kwenye jarida la Scientific American kuhusu majaribio yake ya kuzungusha gurudumu juu ya mchanga, na mawimbi yakajitokeza yenyewe. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walirudia jambo hilo kwa vipimo vya kisasa, wakaonyesha kwamba yanajitokeza hata gurudumu likiwa halina springi wala shokapu. Kinachohitajika ni kuvuka kasi fulani ndogo sana, ambayo hakuna dereva mwenye haraka atakayeivumilia. Kwa hiyo greda likipita leo, mawimbi yatarudi.

Ekseli yenye tairi zake ina mdundo wake, mara 10 hadi 15 kwa sekunde kwa magari mengi. Chukua 12. Mawimbi yakiwa yameachana sentimita 75, utayagonga mara 12 kwa sekunde ukiwa na mwendo wa mita 9 kwa sekunde, yaani kama kilometa 32 kwa saa. Hapo ndipo gari linapotaka kumwaga nati. Ukipandisha hadi 70 ghafla linatulia, kwa kuwa tairi sasa zinaruka kutoka kilele hadi kilele. Madereva wa kusini wanalijua hilo bila fizikia. Wasichoambiwa ni kwamba utulivu ule ni wa tairi zisizogusa chini ipasavyo, na mtu akitokea na baiskeli kwenye kona, breki hazina pa kushika.

Sasa mpe gari hilo shokapu ngumu za yule mteja wetu. Kwa kilometa 60 kwa saa mawimbi yanafika 22 kila sekunde. Kila moja linasukuma gurudumu juu, na shokapu ngumu inalichelewesha kurudi chini. Kabla halijarudi, wimbi lingine. Gari linazama taratibu juu ya ekseli zake mpaka linakalia mipira ya kuzuia kugonga, na tangu hapo ni kama halina springi kabisa. Mabano ya shokapu kwenye chesisi yanaanza kupasuka. Anayelaumiwa ni mchomeleaji.

Kabla hujafungua pochi

Kwa hiyo yule mteja aulizwe kwanza gari lake linapanda mzigo kiasi gani, na mara ngapi. Hili lina hesabu yake. Uwezo wa shokapu kuzima mnesonneso hupungua kadiri uzito na ugumu wa springi unavyoongezeka, kwa kipeuo cha pili cha zao lao. Uzito ulio juu ya ekseli ya nyuma ukiwa mara mbili, shokapu ileile inabaki na takriban asilimia 70 ya uwezo wake. Na kuna jambo tunalolifanya sana: gari likilala nyuma kwa magunia ya korosho, fundi anaongeza mabamba ya springi. Tuseme ugumu wa springi nao umekuwa mara mbili. Sasa uwezo umebaki nusu. Gari halilali tena, linapendeza kwa macho, lakini linanesa vibaya kuliko zamani. Ukiongeza bamba, badilisha shokapu pia.

Gari la kubeba wagonjwa ni kinyume chake. Springi za Land Cruiser za kazi zimetengenezwa kwa mzigo mzito, na gari lenye dereva, muuguzi na mama mjamzito mmoja ni tupu machoni mwa springi hizo. Ukilifunga shokapu za kubebea mawe, kila korongo linamfikia mgonjwa jinsi lilivyo. Hapa ningepigania shokapu laini zaidi na springi nyepesi za nyuma kabla ya kitu kingine chochote, na nisingejali nani ananicheka.

Kuhusu mrija mmoja au miwili: ya mrija mmoja inapoa vizuri na haitoi povu, lakini pistoni yake inatembea ukutani mwa mrija uleule unaoonekana kwa nje. Jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama na kazi imeisha. Ya mirija miwili inaweza kubonyea nje na ndani ikaendelea kufanya kazi. Kwa mtu anayekimbiza gari lenye mzigo kutoka Malolo hadi Lindi kila wiki, joto ndilo tatizo, na mrija mmoja una maana. Kwa pikapu inayozunguka vijijini kwa kilometa 30 au 40 kwa saa kwenye mawe, ningechukua ya mirija miwili, nene, yenye gesi ya mgandamizo mdogo. Unene una sababu: mafuta mengi zaidi yanachelewa kupata moto, na pistoni pana inafanya kazi ileile kwa mgandamizo mdogo. Zile zenye chupa ya pembeni na bomba lake ni nzuri sana, ila bei yake kwa wengi wetu ingelipa springi, bushi zote na chenji ikabaki.

Angalia pia mwaka wa gari, si jina tu. Land Cruiser za familia ya 70 zilianza 1984 zikiwa na springi za mabamba mbele, na mwaka 1999 zile za kazi nzito zikawekewa springi za koili mbele. Land Rover zilihama kutoka mabamba kwenda koili mwaka 1983 na ile One Ten. Mtu akikuuzia shokapu "za Land Cruiser" bila kukuuliza ni ipi, hajui anachouza. Na kama gari limeinuliwa, pima urefu: shokapu ikifika mwisho wa safari yake kabla ya springi, inakuwa kamba inayokatika.

Shokapu za mtumba mimi ningeziacha. Springi ya mtumba unaweza kuiona kama imepinda au imepasuka. Sili iliyochoka na mafuta yaliyogeuka maji havionekani mpaka umefika njiani.

Kuna kipimo kimoja cha bure. Endesha gari nusu saa kwenye barabara mbaya, simama, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila shokapu, bila kuigusa mara moja kwa kuwa inaweza kukuunguza. Linganisha ya kushoto na ya kulia kwenye ekseli moja. Zinazofanya kazi zitakuwa na moto. Ile ya baridi ndiyo iliyokufa.